Kumpokea Mama Berlin Ukiwa Bado Mwanafunzi

Mzazi wa Kitanzania anapotaka kumtembelea mwanawe anayesoma Ujerumani, sheria humweka mwana mahali pa mzazi na mzazi mahali pa mtoto. Mwana ndiye anayekwenda ofisi ya wageni ya mji anaoishi, akaonyesha hati za mshahara na mkataba wa pango, akalipa euro 29, kisha akatia saini hati ya dhamana inayosema kwamba gharama zote za mgeni wake zitakuwa juu yake: malazi, chakula, matibabu, na hata nauli ya kumrudisha kwao ikibidi. Mzazi naye, huko aliko, hukusanya ushahidi wa kuthibitisha kwamba anayo sababu ya kurudi nyumbani kwake. Mama yangu ni mtu wa Mingoyo, mkoani Lindi, mwenye minazi na mikorosho aliyoachiwa na baba yake, na katika maisha yake hajapata kuomba hifadhi kwa mtu. Alitakiwa athibitishe kwa karatasi kwamba hatahamia Berlin. Alizipeleka karatasi hizo bila kulalamika, barua ya serikali ya kijiji, taarifa ya benki na nakala za hati za shamba, lakini aliponisimulia kwa simu namna alivyohojiwa, nilisikia sauti yake ikinywea.

Naandika haya kwa ajili ya wenzangu ambao bado wanasoma, wanaanza kujipanga maisha ya ughaibuni, na wanatamani kuwaleta wazazi wao angalau mara moja waone wanakoishi. Ushauri tunaopeana katika makundi yetu ya WhatsApp ni wa tiketi, bima na sehemu za kupigia picha. Ni ushauri mzuri na nitaugusa hapa, lakini baada ya kumpokea mama na baadaye shangazi, naamini kwamba kazi iliyo kubwa kuliko hizo ni kumrudishia mgeni heshima ambayo safari yenyewe imempunguzia. Mtu aliyezoea kuamkiwa na mtaa mzima hufika mahali ambapo hawezi kusoma kibao cha kituo, hawezi kumuuliza muuza duka bei ya vitunguu, na hata mlango wa jengo hufunguliwa na mwanawe. Akikaa hivyo miezi miwili, hata ukimtembeza mji mzima, atarudi kwao amechoka rohoni.

Kwanza niseme kuhusu subira, kwa sababu wengi huanza kuahidi mapema. Mwanafunzi anayeishi kwa akaunti iliyofungwa, yaani akaunti ya benki ambamo fedha zake za matumizi huwekwa mapema na kutolewa kidogo kidogo kila mwezi, na ambayo tangu Septemba 2024 inadai euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi, ni vigumu akubaliwe kuwa mdhamini, kwa kuwa fedha hizo zimehesabiwa zimtoshe yeye peke yake. Ajira za wanafunzi nazo zina mpaka: mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya huruhusiwa kufanya kazi siku 140 nzima au siku 280 za nusu kwa mwaka. Nilipokuwa shahada ya pili sikuthubutu kumwalika mama. Nilingoja hadi nilipoanza uzamivu na kupata mkataba wa utafiti chuoni, wenye mshahara unaoeleweka kwa afisa anayekaa nyuma ya dawati. Kungoja huko kulikuwa na uchungu wake, kwa sababu kila Idi mama alikuwa akiuliza lini, na kwa mtu aliye Mingoyo haieleweki kwa urahisi kwamba mtoto aliye Ulaya hana uwezo wa kumwalika mzazi wake.

Mambo ya karatasi nitayapitia haraka. Viza ya Schengen humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180, na ada yake kwa mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024. Bima ya safari lazima iwe na kinga ya angalau euro 30,000. Hapa pana jambo ambalo napenda lisomwe kwa makini: bima hizi ni za dharura, na nyingi haziyagusi maradhi ambayo mtu alikuwa nayo kabla ya kusafiri. Mzazi mwenye presha au sukari aje na dawa za kutosha kipindi chote cha ziara pamoja na barua ya daktari wake, na dawa hizo zikae katika begi la mkononi. Kuhusu nyumba, mgeni anayetoka nje ya nchi halazimiki kujiandikisha manispaa ikiwa hakai zaidi ya miezi mitatu, lakini mwenye nyumba ni vizuri ajulishwe mapema, hasa mkikusudia kukaa zaidi ya wiki sita. Mimi nilimwandikia wangu barua fupi ya heshima, naye akajibu kwa mstari mmoja wa kumtakia mama safari njema.

Mizigo ni jambo jingine kabisa, maana mama wa Kusini hawezi kumtembelea mwanawe mikono mitupu. Umoja wa Ulaya unakataza wasafiri kutoka nchi kama zetu kuingia na nyama au maziwa na vitokanavyo navyo, kwa hiyo samli ya mama, aliyokuwa ameshaifungasha katika kopo la Kimbo, ilibidi ibaki. Matunda na mboga mbichi nazo haziingii bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano tu: nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Nilipomsomea orodha hiyo kwa simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nazi wameziruhusu. Watu hawa wana akili." Samaki waliokaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20, kwa hiyo dagaa walikuja, na ng'onda, na nazi zilizofuliwa vizuri, na katikati ya begi, ikiwa imefungwa kwa khanga mbili ili meno yake yasichane nguo, ikaja mbuzi ya kukunia. Nilimwambia kwamba tui la kopo linapatikana hapa kila duka. Hakunijibu, na ninashukuru kwamba hakunisikiliza.

Alifika mwezi wa Juni, nikidhani nimemchagulia majira mazuri kwa sababu ya joto. Jua la Lindi huzama saa kumi na mbili na dakika kadhaa mwaka mzima, na siku ya mtu mzima imejengwa juu ya hilo: magharibi, chakula, isha, kulala. Berlin mwezi wa Juni jua huzama saa tatu na nusu za usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na kwa wiki kadhaa giza kamili haliingii kabisa, kiasi kwamba misikiti hapa hufuata ratiba ya makadirio kwa sala ya isha. Siku za mwanzo mama alikaa dirishani akiingoja magharibi huku amechoka, tasbihi mkononi, akiniuliza kama simu yangu haijakosea. Tulitundika ukutani ratiba ya msikiti, nikaweka pazia zito chumbani, na Ijumaa yake ya kwanza tukaenda msikiti wa Şehitlik, barabara ya Columbiadamm, uliojengwa kando ya makaburi ya Waturuki yaliyoanzishwa mwaka 1866. Kwa upande wa wanawake alikaa karibu na bibi mmoja wa Kituruki. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini walisoma Fatiha ileile, na walipoagana yule bibi alimshika mama mikono yote miwili. Tangu siku hiyo mama alilala usingizi wa kutosha.

Ilipopita wiki akaniita jikoni. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mbona mimi jembe langu silioni?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa ratiba ya matembezi, naye alikuwa akidai kazi. Watoto wengi tulio huku, kwa mapenzi tu, huwakataza wazazi wetu kugusa chochote. Tunapika wenyewe, tunaosha wenyewe, tunamwambia mama apumzike, na hatuoni kwamba mtu aliyeamka alfajiri kwa miaka hamsini hapumziki kwa kukalishwa kwenye kochi mbele ya televisheni ya lugha asiyoijua. Kwa hiyo tuligawana. Jiko likawa lake. Kupeleka chupa kukawa kwake pia: hapa chupa nyingi za plastiki hulipiwa amana ya senti 25, na anayezirudisha dukani huzitumbukiza moja moja katika mashine, ambayo mwisho hutoa risiti ya kulipia bidhaa. Mama alijifunza mashine ile kwa siku moja. Alizipanga chupa katika kikapu chake cha ukili, akashuka ngazi peke yake, akavuka Müllerstraße kwa taa za kijani, na akarudi na vitunguu alivyovinunua kwa risiti yake mwenyewe, bila mimi. Sijaona katika ziara ile yote furaha iliyozidi ile aliyokuwa nayo alipoviweka vile vitunguu mezani.

Kujua kuzunguka peke yake kulihitaji maandalizi kidogo. Nilimpa kadi yenye anwani yangu na namba ya simu, nikamnunulia tiketi ya mwezi ya usafiri wa umma ili asiwe na wasiwasi wa nauli, na tukaikariri njia moja tu ya treni ya chini ya ardhi, U6, ambayo inapita karibu na kwangu. Hakukariri majina ya vituo. Alikariri rangi za vigae vya ukutani na ni mara ngapi milango hufunguka njiani, na hakupotea. Siku za Jumanne na Ijumaa tulikwenda pamoja soko la Waturuki la Maybachufer, kando ya mfereji, na huko alichagua bamia kwa kuvunja ncha yake kama afanyavyo nyumbani, hadi muuzaji mmoja akawa anamwekea pembeni zilizo changa.

Nilimweleza pia kuhusu utulivu: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi hakuna kelele, na Jumapili ni siku nzima ya mapumziko, maduka yamefungwa, hakuna kutoboa ukuta wala kutwanga. Nilidhani ataona ni ukali. Yeye alisema kwamba watu wenye siku ambayo hata duka halifunguliwi wanajua thamani ya mwili wa mtu, na Jumamosi akatwanga viungo vyake vyote mapema. Bibi Mjerumani anayekaa ghorofa ya chini, ambaye kwa miaka nilikuwa nikisalimiana naye kwa kutikisa kichwa tu, alipanda ngazi siku moja kuuliza harufu ile nzuri ni ya nini. Mama alimpakulia wali wa nazi na samaki wa kukaanga katika bakuli. Bakuli lilirudi na matunda ya plamu kutoka bustani yake. Bakuli halirudi tupu kwetu, na kumbe kwao pia halirudi tupu. Mimi niliyekuwa nimeishi katika jengo lile muda mrefu nilipata jirani kupitia mgeni wangu.

Sasa nifike kwenye matembezi, kwa kuwa sikuyaacha kabisa. Ukishuka kituo cha Naturkundemuseum kwenye U6, hatua chache kutoka hapo ndipo yalipo Makumbusho ya Viumbe Asilia ya Berlin, na katikati ya ukumbi wake mkuu amesimama yule tunayemwita mjusi wa Tendaguru, dinosaria mwenye kimo cha mita 13.27. Kila mtoto wa Lindi anamjua kwa kusikia. Mifupa yake ilichimbuliwa na msafara wa Wajerumani kati ya mwaka 1909 na 1913 katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na kiunzi chake kilisimamishwa Berlin mwaka 1937. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zilisafirishwa, na kutoka kilimani hadi bandari ya Lindi hapakuwa na reli wala mkokoteni: watu walibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu.

Mama alisimama chini ya shingo ya mnyama yule kwa muda mrefu. Watoto wa shule walikuwa wakichora katika madaftari yao, na mwalimu wao akawa anawaeleza mambo ya uzito na umri. Mama aliniuliza waliobeba wameandikwa wapi. Nilimwambia kuhusu Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, ambaye jina lake limebaki katika kumbukumbu za msafara ule, na nikamwambia kwamba mamia ya wengine hawajulikani kwa majina. Hapo akaanza kunieleza yeye: njia za huko zilivyo masika, udongo unavyoteleza, jinsi mpagazi anavyopanga ngata kichwani ili mzigo mzito usimvunje shingo, na nyimbo ambazo bibi yake alikuwa akiziimba na kusema ni za wabeba mizigo. Mhudumu wa ukumbi, mzee mwenye funguo kiunoni, alikaribia na kutuuliza kwa Kiingereza tumetoka wapi. Kabla sijajibu, mama alisema, "Lindi," akanyoosha kidole juu kuuelekea mfupa, akarudia, "Lindi." Mzee yule aliinamisha kichwa kwa heshima. Mama hakuwa mtalii katika ukumbi ule, na hakuhitaji mtu wa kumfasiria.

Mtaani kwangu pia tulipata mahali pa namna hiyo. Naishi karibu na eneo linaloitwa Mtaa wa Kiafrika, katika kitongoji cha Wedding, ambako barabara zilipewa majina ya makoloni na ya watu walioyateka: ipo Sansibarstraße, ipo Togostraße. Barabara mojawapo ilikuwa imepewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, aliyezunguka nchini kwetu na mikataba yake ya ulaghai na ambaye wazee walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 2024, baada ya miaka mingi ya madai ya wanaharakati na wakazi, jina hilo liliondolewa. Sehemu moja ya barabara ikaitwa Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959, na sehemu nyingine ikaitwa Maji-Maji-Allee. Vita vya Maji Maji vilianzia Nandete, katika vilima vya Umatumbi, Julai 1905, katika mkoa ambao leo ndio Lindi, na makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba, hufikia watu 300,000. Tulikwenda jioni, mama akasoma kibao mwenyewe, herufi kwa herufi, kwa sauti. Ni kibao pekee Berlin alichokisoma akakielewa chote, akasimama papo hapo akawaombea dua.

Ninaposema mgeni apelekwe mahali anapojua zaidi ya mwenyeji wake, ndiyo maana yangu hii. Si lazima pawe na mjusi wala barabara. Shangazi yangu ni mshonaji, na siku aliyoifurahia kuliko zote ni ile tuliyoshinda katika duka la vitambaa, akigusa, akipima kwa mkono na kunieleza kwa nini pamba hii itachuja na ile haitachuja. Mwenzangu mmoja alimpeleka baba yake, mvuvi wa Kilwa, kwenye soko la samaki la Hamburg alfajiri ya Jumapili, na mzee akarudi amejaa maneno.

Liko jambo la fedha, nalo sitalizunguka. Familia nyingi nyumbani huamini kwamba aliye Ulaya anazo, na sisi tulio huku tunaona haya kusema kiasi tulicho nacho. Mzazi akiwepo, aibu hiyo haina pa kujificha, na naona ni heri. Jioni moja nilimwekea mama karatasi mezani: mshahara baada ya makato, pango, bima ya afya, umeme, ada ya redio na televisheni ya euro 18.36 ambayo kila kaya hulipa hata isipokuwa na televisheni, chakula, na mwisho kile ninachotuma nyumbani. Alivaa miwani akafuata mstari kwa mstari kwa kidole. Alipofika mwisho aliuliza, "Na wewe mwanangu, nguo unanunua lini?" Hakuuliza zaidi. Alikuwa ameshakiona chumba changu, ameshaona kwamba kitanda chake ndicho changu na mimi nalala juu ya godoro la kukunja, na hesabu ile ilimweleza kilichobaki.

Masomo yenyewe hayakusimama, na sikutaka yasimame. Nilikuwa katikati ya sura ngumu ya tasnifu, kwa hiyo asubuhi zote zilikuwa za maktaba na alasiri zilikuwa zetu. Katika wiki ya kwanza nilimchukua mama hadi chuoni, nikamwonyesha dawati langu, rundo la makala, na kiti ninachokalia. Nawashauri wenzangu wafanye hivyo mapema kabisa. Mzazi akipaona mahali, kutokuwepo kwako nyumbani hakumsumbui tena, kwa sababu anajua uko wapi na unafanya nini. Mama akawa akinifungia chakula cha mchana na kuniuliza jioni nimeandika kurasa ngapi, kwa sauti ileile aliyokuwa akiniulizia daftari la hesabu nikiwa darasa la nne.

Tangu arejee Mingoyo, simu zetu zimebadilika. Huuliza hali ya bibi wa ghorofa ya chini kwanza, kisha kama U6 bado inafungwa kwa matengenezo, kisha mimi. Mjomba alipoomba nimtumie fedha za bati za nyumba yake kwa mkupuo mmoja, ni mama aliyemkalisha barazani na kumfafanulia pango la Berlin na bima ya Berlin kwa tarakimu kamili, na wakakubaliana bati zinunuliwe kwa awamu tatu. Mbuzi ya kukunia aliniachia. Dada yangu mdogo ndiye anayefuata. Anamaliza diploma ya ukunga mwakani, na tayari nimeandika barua kwa mkunga mmoja wa hapa mtaani kumwomba ampokee siku moja kliniki kwake, amwonyeshe kazi.